Tunalipia spea, hatulipii kupima

Wenzetu Wakongo wanaozungumza Kilingala gari wanaliita motuka, kwa hiyo mimi mkazi wa Mutuka hapa Babati nafikiri nina haki ya kuzungumzia magari.

Naongelea haya magari yetu yaliyotumika kutoka Japani. Yakigoma, lawama ni ileile: gari limezeeka. Hata serikali zetu zinawaza hivyo. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza yaliyozidi miaka 15, na sisi tunaongeza ushuru kwa gari kuukuu. Sawa, lakini likishatoka bandarini Dar, nani anajua kulipima linapougua?

Kigari changu kilianza kugoma kuwaka asubuhi. Fundi wa kwanza, bila kushika kifaa chochote, akasema betri. Nikanunua mpya, ndani ya wiki mbili ikafa. Wa pili akasema altaneta, nayo ikabadilishwa. Wa tatu ndiye aliyetoa mita, akapima, akafuata waya wa ethi mpaka akakuta kichwa chake kimeliwa na kutu. Akakikwangua kwa msasa, akakaza nati, kazi imekwisha.

Jamani, hiyo mita si kitu cha ajabu. Kwa magari mengi, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, na injini ikiunguruma inatakiwa ipande mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, ama altaneta haichaji ama umeme unapotea njiani. Kipimo cha dakika moja!

Kwenye injini ni yaleyale. Gari likichemsha, fundi anang'oa thamostati na kujaza maji ya bomba. Thamostati kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto linalotakiwa. Ukiing'oa umeficha ugonjwa tu, injini inakula mafuta zaidi, maji matupu yanaleta kutu kwenye rejeta, na mwisho wa safari ni gasketi ya silinda hedi kuungua.

Lakini tusiwabebeshe mafundi mzigo wote. Mteja ukimwambia elfu ishirini ya kupima anaona ameibiwa, ila laki moja na nusu ya spea anatoa bila ubishi kwa sababu anaishika mkononi. Fundi naye ana watoto, anauza kile tunachokubali kununua. Ajabu ni kwamba homa ikitupanda hatushangai kulipia kipimo cha malaria kabla ya dawa.

Na hili si suala la pesa tu. Barabara ya Arusha kuja Babati inapita Kwakuchinja, wanyama wanakovuka kati ya Tarangire na Manyara. Taa zikikuzimikia pale usiku kwa sababu ya waya ambao hakuna aliyeupima, utamlaumu nani?

Maoni yangu ni haya. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini: wanapimwa na kupewa cheti. Halmashauri iwahimize mafundi wetu waende. Na sisi wateja tuulize swali moja kabla ya kufungua pochi: umepima, au unabahatisha?