Mwani wa Dimbwini na Mgonjwa Asiyeona Usiku

Maji ya dimbwi yanapogeuka kijani, wengi huona uchafu na kupita. Hata hivyo, ndani ya maji hayo huishi mwani wa seli moja: viumbe visivyo na ubongo wala neva, lakini vyenye uwezo wa kutambua nuru inatoka upande gani na ni ya rangi gani. Elimu juu ya viumbe hivi haipaswi kuachiwa wanabiolojia peke yao, kwa kuwa imekwisha kufika katika kliniki za macho.

Mfano unaojulikana zaidi ni klamidomonasi, mwani wa udongo na maji baridi. Jina hilo lisimtie mtu hofu, kwani mwani huu hauna uhusiano wowote na klamidia, ugonjwa wa zinaa. Seli yake ina upana wa takriban mikrometa 10 na huogelea kwa mijeledi miwili. Ubavuni mwake mna doa la rangi ya machungwa, ambalo ndilo jicho lake. Seli inapoogelea hujizungusha, hivyo doa hilo hukabili nuru kisha huipa kisogo, tena na tena. Mabadiliko hayo ya mwanga na kivuli ndiyo yanayoionyesha njia. Nuru ya wastani huifuata ili ijitengenezee chakula. Nuru kali huikimbia.

Kila rangi ina kazi yake. Katika doa hilo mna protini ziitwazo chanelirodopsini, ambazo ni milango midogo katika utando wa seli. Mmojawapo wa milango hiyo hufunguka vizuri zaidi kwa nuru ya buluu, yenye urefu wa wimbi karibu nanometa 470. Ukifunguka, chembe zenye chaji ya umeme huingia na mapigo ya mijeledi hubadilika. Nuru ya buluu hupokewa pia na fototropini, protini inayoongoza uzazi wa kijinsia wa mwani huo. Protini nyingine, aina ya kriptokromu, huitikia buluu, manjano na hata nyekundu.

Jambo linalostahili kumsimamisha tabibu ni hili: kinachonasa nuru ndani ya chanelirodopsini ni retinali, jamaa ya vitamini A, na ndiyo hiyo hiyo inayonasa nuru katika jicho la binadamu. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini A huanza kupapasa giza linapoingia kwa sababu macho yake yamekosa retinali ya kutosha.

Wanasayansi wa Ujerumani, wakiwemo Peter Hegemann, Georg Nagel na Ernst Bamberg, walieleza kazi ya milango hiyo mwaka 2002 na 2003. Mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba seli ya neva iliyopewa jeni ya mwani huweza kuamshwa kwa nuru. Mwaka 2021 zikatangazwa habari za mwanamume wa miaka 58 mwenye retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua taratibu seli za retina zinazopokea nuru. Jicho lake moja lilipewa jeni iliyotokana na mwani wa jamii hiyo hiyo, unaoitikia nuru ya rangi ya kaharabu, ambayo ni salama zaidi kwa retina kuliko buluu. Baada ya mazoezi ya miezi kadhaa, akiwa amevaa miwani maalumu, aliweza kutambua na kugusa daftari lililowekwa mezani. Hakurudishiwa uwezo wa kusoma wala wa kutambua nyuso.

Habari hii ina mitego miwili. Wa kwanza ni kuuza miujiza. Tiba hiyo ingali ya majaribio, na anayemwambia mgonjwa auze shamba ili aifuate, au anywe maji ya mwani, anamdhulumu. Wa pili, ambao ni wa kawaida zaidi, ni kauli kwamba hakuna la kufanya. Kauli hiyo humwondoa mgonjwa kliniki kabla hajapata alichostahili.

Kutoona usiku ni dalili yenye zaidi ya chanzo kimoja. Ikiwa ni upungufu wa vitamini A, tiba ni rahisi na haipaswi kucheleweshwa. Maini, mchicha, maembe na viazi lishe husaidia kuukinga. Ikiwa ni retinitisi pigmentosa, vidonge hivyo havitarudisha seli zilizokufa, na dozi kubwa inaweza kumdhuru mimba aliye tumboni. Mhudumu anayetoa vidonge bila kuchunguza retina wala kuuliza habari za ukoo huwa ametibu dalili na kumwacha mgonjwa. Aliyerithi ugonjwa huu anahitaji kupimiwa miwani, kuondolewa mtoto wa jicho akitokea, kufundishwa kutumia fimbo nyeupe, ushauri wa kinasaba kwa familia, na kuambiwa waziwazi kwamba hakurogwa.

Waliochunguza mwani hawakuanza kwa kutafuta dawa ya macho; walitaka kujua kwa nini seli huigeukia nuru. Udadisi huo mpole ndio unaotakiwa pia mbele ya mgonjwa anayesema, “Jioni sioni.” Swali la pili, lile la kutaka kujua kwa nini, ndilo linalotenganisha tiba na kuandika cheti tu.