Breki za Bei Chee Zinatuzika, Nasi Tumelala

Nimechoka kusikia habari ileile. Lori limefeli breki mteremkoni. Basi limefeli breki kwenye kona. Watu wamekufa, rambirambi zimetolewa, dereva anatafutwa, na kabla arobaini haijafika tumeshahamia kwenye mpira.

Na kila mara hakosi mtu mwenye sauti ya upole wa kutuambia kwamba ajali haina kinga.

Haina kinga? Breki ni nini basi, kama si kinga?

Tarehe 24 Februari 2024, pale Kibaoni, Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, lori lililoelezwa kuwa limefeli breki liliyavaa magari mengine matatu. Watu 25 wakafa. Miezi minane kabla ya hapo, tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani kule Kenya, lori liliacha njia likawavamia wachuuzi na abiria waliosimama kando ya barabara. Waliokufa walizidi 50. Chanzo cha kila ajali ni kazi ya wachunguzi. Mimi nina swali kwako wewe uliyehudhuria misiba ya namna hii: ulimsikia nani pale matangani akiuliza gari lile lilifungwa breki gani, zilinunuliwa wapi, na nani alizichagua?

Tunauliza dereva alikunywa nini. Tunauliza alikuwa mwendo gani. Breki hatuulizi. Breki tumeziachia Mungu na fundi.

Nenda Gerezani, Dar es Salaam. Nenda Kariakoo. Nenda Kirinyaga Road kule Nairobi. Simama kwenye kaunta ya duka la spea usikilize. Mteja anasema, "Nipe pedi za mbele za Noah." Muuzaji anamjibu, "Unataka za shilingi ngapi?"

Basi. Biashara imekwisha. Hakuna aliyeuliza namba ya chesisi. Hakuna aliyeuliza gari linabeba familia au linabeba saruji. Hakuna aliyeuliza kama linashinda kwenye foleni ya Mbagala au linapandisha Lushoto kila wiki. Kinachoulizwa ni mfuko wako tu. Tunanunua kitu cha kusimamisha tani mbili za chuma kama tunavyonunua fungu la nyanya, tena nyanya tunazibonyezabonyeza kwanza!

Na wewe ndugu yangu, usijifiche nyuma ya muuzaji. Ukitajiwa bei tatu, unachukua ipi? Redio ya gari umeilipia. Taa za urembo umezilipia. Mapambo ya tairi umeyalipia. Ikifika zamu ya breki, unaanza kubembeleza upunguziwe. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Rahisi hii inavunja mifupa.

Sasa nisikilize, maana jambo hili halihitaji shahada.

Pedi ni bamba la chuma lililogandishwa mchanganyiko mgumu: nyuzi, unga wa metali na vitu vingine, na gundi ya kuvishikilia vyote. Unapokanyaga breki, nguvu ya mwendo wa gari inageuka kuwa joto, na joto hilo linabebwa na pedi pamoja na diski. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukaenda 80, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini joto la kubeba limeongezeka mara nne. Mara nne! Weka juu yake mzigo. Weka juu yake mteremko wa Kitonga. Kisha niambie kama bado unataka zile za bei ya chini.

Pedi duni ina gundi duni. Ikipata moto mkali, gundi inaungua na kutoa gesi, gesi inajipenyeza kati ya pedi na diski, na mguu wako unabaki unakanyaga pedeli ngumu isiyosimamisha kitu. Gari linakwenda. Unakanyaga kwa miguu miwili. Linakwenda. Abiria wanaanza kuomba. Linakwenda tu.

Ndiyo maana ule mtindo wa "zunguka nayo hapa mtaani, bosi, uone inavyoshika" ni udanganyifu mtupu. Pedi yoyote inashika ikiwa baridi. Kipande hafifu kabisa kitakusimamisha pale mataa ya Fire, kwa sababu hapo hakijaombwa kitu. Siku yake ya mtihani ni Kitonga. Ni mlima Sekenke. Ni mteremko wa Iwambi. Na huko hakuna duka la kurudishia mzigo, na muuzaji wako wakati huo yuko Dar es Salaam anakunywa chai.

Unasema hukujua. Haya, leo ujue.

Pedi ina mgongo, na mgongo wake una maandishi. Igeuze. Za kiwango cha Umoja wa Mataifa zinazotakiwa Ulaya zina herufi E ndani ya duara, namba ya nchi iliyotoa kibali, na alama ya 90R. Maana yake ni kwamba pedi hiyo ya mbadala ilipimwa, na nguvu yake ya kusimamisha haipishani na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Kanuni hiyohiyo inataka boksi liwe limefungwa kwa namna ambayo likifunguliwa itaonekana. Sasa mbona wewe unapokea pedi iliyofungwa kwa raba bendi?

Nyingine, hasa zinazofuata utaratibu wa Marekani, zina herufi mbili kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza inaeleza pedi inavyoshika kwenye joto la kawaida. Ya pili inaeleza inavyoshika ikipata moto mkali. E ni mshiko mdogo, kuanzia 0.25 hadi 0.35. F ni wa kati, hadi 0.45. G ni mkubwa, hadi 0.55. Ukiona F ya kwanza inafuatwa na E, jua kwamba pedi hiyo inalegea pale unapoihitaji kuliko wakati wote. Na ukikuta mgongo mtupu, hauna herufi wala namba, umeshika kipande kisicho na baba. Kirudishe kaunta.

Usiniambie boksi lilikuwa zuri. Boksi linachapishwa popote. Nembo inachapishwa popote. Hata alama za mgongoni mwizi anaweza kuzigonga, ndiyo maana macho peke yake hayatoshi: nunua kwa mtu mwenye duka linalojulikana, anayeandika risiti yenye jina la kampuni na namba ya spea, ambaye kesho utamkuta palepale. Muuzaji anayekataa kuandika risiti ameshakueleza yote.

Na usidanganywe na neno "seramiki" lililoandikwa kwa dhahabu. Pedi za seramiki halisi ni tulivu na hazitoi vumbi jingi, zinafaa gari dogo la mjini. Pedi laini za ogani nazo ni tulivu, lakini zinaisha upesi na hazipendi moto. Gari la mzigo, Coaster inayojaza abiria hadi mlangoni, pikapu inayoshuka milima ya Upareni na ndizi na tangawizi, hayo yanataka pedi zenye metali ya kutosha, hata kama zitapiga kelele kidogo na kula diski. Chagua kwa kazi ya gari. Usichague kwa ukimya. Kelele haijaua mtu.

Nikija kwa mafundi, hapo ndipo damu inanichemka.

Fundi anapiga msasa pedi iliyoungua ikawa kioo, anairudisha. Fundi anabadilisha upande mmoja wa ekseli na kuacha wa pili, gari likikanyagwa breki linavutwa pembeni. Fundi anakuta diski imeshalika kuliko unene wa mwisho uliogongwa juu yake, anafunga pedi mpya juu ya diski iliyokufa. Na yuko yule wa kutisha kuliko wote: akikuta breki ya gurudumu moja inavuja, anaubana mpira wake kwa waya, anakwambia, "Twende hivyohivyo kwanza, utarudi mwisho wa mwezi." Na wewe unamshukuru! Unampa na ya soda!

Lini ulimwambia fundi akuoneshe pedi ya zamani? Lini ulipima unene wake? Mpya nyingi zina milimita 10 hivi au zaidi. Ikifika milimita 3, imekwisha, hata kama bado inashika. Kile kijibati kidogo kinachopiga filimbi gurudumuni kimewekwa kukuonya. Wapo wanaokikata ili kelele iishe. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tuna macho na tunayafumba wenyewe.

Na mafuta ya breki je? Yanavuta unyevu. Ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka, pedeli inazama hadi sakafuni. Unabadilisha pedi mara tatu juu ya mafuta yaleyale meusi, kisha unashangaa?

Wenye malori, msidhani nimewasahau. Ninyi ndio hasa.

Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na tela lake kufika tani 56. Tani 56 zikianza kushuka Kitonga, zinaning'inia kwenye vipande vya breki vilivyopigwa ribiti juu ya shuu. Nani alivipiga? Wapi? Mara nyingi ni pembeni ya barabara, shuu kuukuu, kipande kisicho na jina, ribiti za kuhesabu. Kichwa kimefungwa aina moja, tela aina nyingine, kwa sababu ndizo zilizopatikana siku hiyo. Tela likiwa na breki dhaifu, kichwa kinabeba kazi ya wote wawili, dramu zake zinapata moto, zinatanuka, zinazikimbia shuu. Upepo upo, pedeli ipo, kusimama hakupo. Dereva hata akiwa bingwa wa kushuka na gia nzito, umemnyang'anya silaha kabla hajatoka yadi.

Halafu lori likianguka, bosi ni wa kwanza kusema dereva alikuwa mzembe. Dereva aliyeandika kwenye daftari kwamba breki zimekwisha! Dereva aliyejibiwa, "Peleka mzigo kwanza!" Uzembe ni wa nani hapo? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Aliyeihurumia hela ya breki ataitoa kwenye majeneza, na majeneza hayalipwi na bima peke yake.

Tena kuna kijana gerejini anayepuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa kompresa, siku nzima, bila kitambaa puani. Zamani breki nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, nyuzi zinazoleta saratani ya mapafu na ya utando wake. Umoja wa Ulaya waliipiga marufuku mwaka 2005. Spea isiyo na jina wala mwenyewe, nani anakuhakikishia haina asbesto? Unayemuua si abiria tu. Unamuua na fundi wako, polepole.

Shirika la Viwango (TBS) lipo. Tume ya Ushindani ipo, na sheria ya alama za bidhaa ipo tangu 1963. Wafanye kazi yao sokoni, si semina. Kontena la breki bandia lisiishie kwa faini ambayo mwingizaji anairudisha kwa mauzo ya wiki. Aliyeingiza breki za uongo ameingiza silaha, ashitakiwe hivyo. Na trafiki wanaotazama stika ya ukaguzi kwenye kioo, wainame watazame gurudumuni. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Lakini usikae kuisubiri serikali huku umelala. Serikali haipandi gari lako. Anapanda mwanao.

Kwa hiyo fanya haya, na uyafanye wiki hii. Chukua namba ya chesisi uende nayo dukani. Eleza gari linabeba nini na linapita wapi. Geuza pedi, soma mgongo. Tazama kama imepasuka, kama imeachana na bamba, kama unene ni sawa kote. Dai risiti yenye namba ya spea. Badilisha ekseli nzima, kulia na kushoto. Simama fundi anapofunga. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Zikishafungwa mpya, zizoeze kwa kusimama taratibu mara kadhaa kwenye barabara tupu kabla ya kuziamini mlimani. Wewe abiria, dereva akilalamika breki ni mbovu, shuka. Nauli itapatikana tena.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu tumeshamzika mara nyingi mno. Usiniambie tena kwamba ajali haina kinga. Kinga inauzwa dukani, na ina alama mgongoni. Ukiiacha kaunta ukachukua ya bei chee kwa macho yako, siku gari litakapokataa kusimama usiseme ni kazi ya Mungu. Ni kazi yako.