Utabiri Usio na Tarehe

Hakuna usiku upitao katika bweni letu bila mtu kutabiri habari za kompyuta. Huyu asema miaka kumi ijayo hapatakuwa na makarani. Yule asema hata waganga watakuwa mashine. Wa tatu, ambaye hupenda sana kubisha, asema hayo yote ni maneno ya wauzaji. Taa huzimwa, na asubuhi hakuna akumbukaye nani alisema nini. Mimi naona desturi hii haifai, na sababu yangu si ya mbali.

Mwaka jana, wakati wa likizo, mdogo wangu alikuwa akichagua masomo ya Kidato cha Tatu. Akaniuliza kama achukue masomo ya biashara. Nikamjibu, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba kazi ya hesabu imekwisha, kompyuta itaifanya yote. Akayaacha. Likizo iliyopita baba aliniuliza, "Wewe ulijuaje?" Nikatafuta jibu nisilione. Sikukumbuka nililisoma wapi neno lile, wala nilikuwa na maana ya miaka mingapi. Huenda nilisema kweli. Huenda nilirudia maneno ya bwenini tu. Lakini mdogo wangu amekwisha chagua.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila mwanafunzi apendaye mambo ya kompyuta awe na daftari lake (simu haziruhusiwi shuleni, lakini daftari halijakatazwa na mtu), na kila juma aandike humo jambo moja analodhani litatokea. Aweke tarehe, aweke sababu zake, ataje na mwaka ambao jambo hilo litaonekana. Kisha awape wenziwe wasome.

Wakubwa wa elimu hii walifanya hivyo. Mwezi wa Aprili, 1965, gazeti la Marekani liitwalo Electronics lilichapa makala ya Gordon Moore. Alikuwa na takwimu za miaka michache tu, tangu 1959. Aliona kwamba idadi ya visehemu vya umeme katika kipande kimoja cha silikoni yaongezeka maradufu kila mwaka, akaandika kwamba ifikapo 1975 vitafika 65,000. Akataja pia kompyuta za nyumbani, na vyombo vya mawasiliano ambavyo mtu atavichukua mwenyewe aendako, na hali siku zile kompyuta nyingi zilikuwa kubwa kama kabati, nyingine zikijaza chumba kizima. Mwaka 1975 alirudi kwenye hesabu yake akaisahihisha: toka 1980 hivi ongezeko litakuwa maradufu kila miaka miwili. Aliweza kusahihisha kwa sababu hesabu ya kwanza ilikuwa imeandikwa, na watu walikuwa wameiona.

Naye Alan Turing wa Uingereza aliandika mwaka 1950 kwamba baada ya miaka hamsini hivi, kompyuta itajibizana na mtu kwa maandishi hata muulizaji wa kawaida, akiisha kuuliza kwa dakika tano, asiweze kuitambua zaidi ya mara 70 katika 100. Mwaka 2000 ukafika, jambo hilo halijawa. Je, alifedheheka? Hata kidogo. Kwa kuwa alitaja dakika na idadi, waliokuja nyuma yake walijua wamebakiza kiasi gani.

Najua wako watakaosema kwamba mtoto wa shule hana ujuzi wa kutabiri, angoje wataalamu. Lakini mtoto huyo atabiri kila usiku! Tofauti ni kwamba maneno ya usiku hayamdai kitu. Wengine watasema daftari litakula wakati wa mtihani. Nusu saa kwa juma? Tunapoteza zaidi ya hiyo kwenye foleni ya uji.

Mimi nimekwisha kununua daftari langu. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika kwamba ifikapo mwaka 2035 maduka ya mtaani kwetu yatakuwa yakitunza hesabu zao kwa kompyuta, lakini bado patakuwa na mtu wa kuzikagua, nami nimetoa sababu tatu. Nilimpelekea mdogo wangu nakala. Amejibu kwamba sababu ya pili ni dhaifu, na kwamba ameomba kurudishwa katika masomo ya biashara. Mwalimu wake hajamjibu.