Damu moja, reaktifu mbili: mutumikaji asilipie bei chini

Kwenye mikutano tunaongea sana kofia, buti na maski. Leo tunaongea kachupa kenye kukaa mu frigo ya labo ya lopitali. Juu ya nini? Juu na kenyewe kanaweza kuua mutu.

Mutumikaji mwenye damu iliganda mu muguu, munganga anamupa warfarini ili damu isigande tena. Kisha labo inapima: damu inachukua sekonde ngapi mbele ya kuganda? Wanatia mo reaktifu yenye kuitwa tromboplastini. Lakini tromboplastini zote haziko sawa. Damu ile ile inaweza kuganda kwa sekonde 30 na reaktifu moja, kwa sekonde 19 na ingine, hata kama damu ya mutu muzima inaganda kwa 12 na zote mbili. Hakuna mwenye kudanganya. Ni nguvu ya reaktifu.

Ni juu ya ile OMS ilikubali hesabu ya INR katika 1983. Kila reaktifu inakuja na namba yake, ISI. Ile ya sekonde 30 iko na ISI 1: tunagawanya 30 kwa 12, tunapata 2,5. Ile ya 19 iko na ISI 2: tunagawanya 19 kwa 12, tunazidisha jibu kwa jibu lenyewe, tunapata 2,5 vilevile. Vizuri sana, maana wagonjwa wengi wa dawa hii wanapaswa kuwa kati ya 2 na 3.

Sasa wenye kununua wanaleta kartoni ya bei chini, mashini inabaki na ISI ya zamani. Itaandika 1,6. Munganga anaamini damu ingali inaganda mbio, anaongeza dawa. Mutumikaji anaanza kutoka damu.

Code du travail ya 2002 inasema kompani itunze mutumikaji na jamaa yake. Matunzo haiko paka kitanda na vidonge. Tunaomba mambo tatu: karatasi ya majibu iandike INR, hapana sekonde peke yake, kartoni mupya ilinganishwe na ya zamani, na ISI ibadilishwe mu mashini, mbele ya kupima mugonjwa, frigo ya reaktifu iwe na umeme wa akiba, maana umeme inakatika kila siku.

Wadelege, pelekeni maulizo haya kwenye komite ya usalama na usafi. Kuuliza haiombi diplome ya munganga.