Njia za Vilimani ni za Nani?

Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wako wageni wa siku hizi wajao na baisikeli, na wenyeji wa vilima vilivyo juu ya shule yetu hawajaona bado kupona kwao. Muhula huu njia moja ya miguu, ile ishukayo kutoka vijijini kuja shuleni, imezibwa kwa miba na wenye mashamba. Maneno yamekuwa mengi, mabwenini na kwa wazazi pia. Wengine wasema baisikeli zipigwe marufuku kabisa. Wengine wasema njia ni ya watu wote, kwa hiyo miba iondolewe, atake asitake mwenye shamba. Mimi sikubaliani na hao wala na hawa, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zangu.

Yafaa kwanza msomaji ajue kwamba mimi ni mgeni hapa. Mwaka jana baba yangu alihamishiwa kazi Lushoto, nasi tukatoka Tabora, nchi ya tambarare, ambako mtu aweza kuendesha baisikeli tangu asubuhi hata adhuhuri bila kushuka. Huku Usambara mambo ni mengine. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilometa 33 hivi, na barabara hupanda kwa kona nyingi, ikapita Soni, mpaka ikafika mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Baisikeli yangu ina gia nyingi. Tabora gia hizo zilikuwa pambo tu, lakini huku nazitumia zote, na bado kuna vilima ambavyo hunibidi nishuke niisukume.

Hata hivyo, ni baisikeli hiyo iliyonijulisha nchi hii. Kila Jumamosi, baada ya kazi za nyumbani, nilichagua upande mmoja nikaenda. Nilikwenda Irente, safari ya kilometa tano au sita kutoka mjini, nikasimama mbali na ukingo wa jabali, nikaiona Mazinde chini kabisa na nyika ikienea hata macho yakachoka. Siku hiyo ndipo nilipoelewa vema somo la jiografia juu ya milima na mvua, kwa kuwa nilitetemeka kwa baridi huku nikitazama nchi iliyokuwa ikiungua kwa jua. Siku nyingine nilikutana na mama mmoja aliyejitwika tenga la karoti za kupelekwa sokoni. Nilimwamkia, nikamwuliza njia. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo uionayo fupi itakutupa mtoni. Fuata hii ya migombani." Nilipata faida ya maneno yake siku ile ile.

Kwa sababu hiyo sikubali marufuku. Mwanafunzi aliyehamia mahali, akawa ajua darasa, bweni na duka tu, hawezi kusema amehamia. Wala mchezo huu si utoro, kama wadhanivyo baadhi ya wazazi wetu. Ulianza kupata umaarufu katika miaka ya 1970 huko California, Marekani, ambako vijana walikuwa wakishuka vilima kwa baisikeli nzito za kizamani. Mashindano yao yaliyoanza mwaka 1976 yaliitwa Repack, kwa kuwa breki zilipata moto hata grisi ikaungua, ikawabidi waifungue gurudumu na kuijaza upya kila waliposhuka. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki ya Atlanta.

Sasa nageukia upande wa wenye mashamba, maana hawakuziba njia kwa chuki. Njia hizi za vilimani zimefanywa na miguu ya watu, na mwendo wa mguu si sawa na wa gurudumu. Mtu akanyagapo udongo uliolowa huacha alama moja moja. Tairi huacha mfuo mmoja mrefu usiokatika, nao ukielekea chini ya kilima, mvua ifuatayo huufanya kuwa mfereji. Mwendeshaji akikaza breki ya nyuma kwa ghafula, gurudumu huacha kuzunguka, likaburutwa na kuchimbua udongo. Baada ya masika moja mfuo ule huwa korongo, na maji yake humwagika shambani kwa mtu aliyelima viazi vyake na kuvipalilia kwa jasho. Katika nchi ya miteremko kama hii, udongo ukishakwenda chini haurudi.

Tena kuna historia ambayo yatupasa kuikumbuka. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi huko Mlalo, katika milima hii hii. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwa amri, na asiyetii aliadhibiwa. Nia ya kuuzuia udongo usichukuliwe na maji haikuwa mbaya, lakini wananchi hawakushauriwa, na kazi iliwalemea, hasa akina mama. Walipinga, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ukaachwa. Nasema hivi ili tuone kwamba katika milima hii amri isiyo na mashauri haidumu. Wale watakao miba iondolewe kwa nguvu hawataishinda miba. Itarudishwa usiku ule ule. Na wale watakao marufuku nao wajue kwamba vijana wataendesha kwa kujificha, bila mwalimu wala breki nzuri.

Wakati huo huo waumiao ni wenzetu wasio na baisikeli hata moja. Wanafunzi wa kutwa watokao vijiji vya juu sasa huzunguka kwa barabara ya magari, wakipishana na malori ya mboga na bodaboda alfajiri kungali giza. Wamo watoto wa shule ya msingi pia. Makosa ya waendeshaji wachache yamewapokonya watu wengi njia yao. Jambo hili lapasa kutusumbua sote, hata tusiopita huko.

Basi naleta shauri langu. Kwanza, Mwalimu wa Michezo na wajumbe wawili wa wanafunzi waende kwa wazee wa kijiji, wakae nao chini, wasikilize kabla ya kusema. Pili, siku za masika, na siku mbili baada ya mvua yoyote kubwa, baisikeli zisipite njia za miguu, barabara zipo. Tatu, mwendeshaji akutanapo na mtu wa miguu, hasa mwenye mzigo kichwani, ashuke, amwamkie na kumpisha. Nne, kila baisikeli ikaguliwe breki na kengele kabla ya safari. Wala asiingie mtu katika msitu wa hifadhi wa Magamba bila ruhusa ya ofisi inayohusika. Tano, na hili ndilo kubwa, kila atakaye kuendesha atoe Jumamosi moja katika kila muhula, aje na jembe, tuchimbe michirizi ya kuyatoa maji njiani na kuyapeleka penye majani, kama wenyeji watakavyotuelekeza. Kazi ianzie kwenye njia ile iliyozibwa.

Najua wako watakaoguna kwamba jembe litauharibu utamu wa mchezo. Hao nawauliza: mpira wa miguu mnaucheza wapi, kama si katika uwanja uliofyekwa na wanafunzi? Asiyetaka kuitengeneza njia hana haja ya kulalamika akiikuta imezibwa.

Mimi nitakuwa hapa miaka miwili zaidi, Mungu akipenda, na baada yangu watakuja wengine kutoka Tabora, Mtwara au Musoma, nao watataka kuijua milima hii. Naomba walimu na wazazi walijadili shauri hili kabla ya mvua za vuli. Jembe langu li tayari.