Kizuri Hakijiuzi

Ipo methali moja ambayo watu wa sanaa wameitumia vibaya mpaka imekuwa kisingizio cha uvivu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtunzi huitaja mchezo wake unapotazamwa na viti vitupu. Mwalimu huitaja mwanafunzi anapouliza ni nani atakayeleta watazamaji. Mwenye kushika fedha huitaja anapoombwa gharama ya matangazo. Nathubutu kusema kwamba katika habari ya michezo ya jukwaani methali hiyo haina ukweli. Nchi ya Wasukuma imeikanusha kwa vitendo tangu zama za mababu, ilhali sisi wasomi tumekaa kando tukinong'ona kwamba toka Shinyanga hata Geita watu hawana desturi ya tamthilia.

Msomaji asiyepata kuyaona mashindano ya Bagika na Bagalu na asikilize jinsi yaendavyo. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma, na masimulizi ya wazee hurudisha asili yao kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha, makundi mawili hukutana katika uwanja mmoja, yakacheza wakati mmoja, kila moja na duara lake. Mshindi ni yule aliyekusanya watu wengi. Mtazamaji aliyechoshwa upande huu huhamia upande wa pili, na kuhama kwake ndiyo hukumu. Kwa sababu hiyo ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, hapati usingizi msimu unapokaribia. Hana budi kutunga wimbo mpya wa kumchoma mpinzani, kufunza vijana kurusha majembe ya bugobogobo bila kujeruhiana, kutafuta sanamu ya mti itakayochekesha, au kuwatia shime wacheza na chatu. Dawa za kuvuta watu nazo hutumika sana. Ufanisi wake nawaachia wenyewe. Lakini hapana mtu Usukumani amwambiaye ningi kwamba kuita watu ni kazi ya chini na kutunga ni kazi ya juu. Kwake ni kazi moja, na yote miwili hupimwa uwanjani.

Padri David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora karibu na Mwanza, aliielewa siri hii. Sherehe ya Bulabo ilipounganishwa na sikukuu ya Kanisa ya Ekaristi, watu hawakuhubiriwa juu ya faida za utamaduni. Waliwekewa mashindano, wakaja.

Sasa tutazame vyuo vyetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni tangu mwaka 2007. Vimetoa waigizaji na watunzi ambao nchi yaweza kujivunia. Lakini mhitimu akisema anataka kuishi kwa kazi ya kupeleka mchezo penye watu na kuleta watu penye mchezo, hutazamwa kama mchuuzi aliyepotea njia akaingia darasani. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa chuo kikuu, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, katika Kwimba, wakatengeneza michezo pamoja na wanakijiji kwa ngoma zao wenyewe. Kazi hiyo tumeisifu na kuiandikia kama sanaa kwa maendeleo. Fundisho lake la pili tumelipita: kwamba kuwafikia watu ni kazi yenye ujuzi wake, nayo yahitaji mtu wa kubaki nayo mradi ukiisha. Vikundi kama Muungano na TOT, vilivyochanganya ngoma, sarakasi, vichekesho na muziki katika usiku mmoja ndani ya baa, tuliviona duni. Navyo vilikula jasho lao mlangoni, jambo ambalo wengi wetu hatukupata kulijaribu.

Yawezekana mtu akaniambia kwamba watu wa machimboni hawana fedha za anasa. Na aende Kakola au Nyarugusu siku ya mpira wa Uingereza, ahesabu waliobanana katika vibanda umiza, kila mmoja ametoa kiingilio. Basi fedha ipo, na desturi ya kulipa ili kutazama ipo. Ambaye hayupo ni mtu wa kuwaita, na mtu huyo hapati kuitwa mtaalamu mpaka ajue mambo ambayo hayamo katika vitabu vya nadharia. Mchimbaji mdogo hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Hupata fungu lake mawe ya duara yakipita kwenye karasha, na kabla ya hapo huishi kwa mkopo. Mkulima wa pamba hushika noti baada ya kuuza, kisha ndipo aanze kufikiri juu ya starehe. Mama lishe hana saa ya jioni, kwa maana jioni ndiyo sokoni kwake. Yeye achezewe mchana, tena karibu na jiko lake. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa huenda kwa zamu. Asiyejua hayo atabandika karatasi zake ukutani, atapata watu ishirini, kisha atarudi mjini kutulaumu kwa ushamba.

Wengine husema sanaa si bidhaa. London ya Shakespeare ilipandisha bendera juu ya jumba siku ya mchezo, na maskini akasimama uani kwa peni moja. Shakespeare mwenyewe alikuwa na hisa katika kampuni yake. Sijasikia kwamba peni hiyo iliharibu *Hamlet*.

Fedha ya kuanzia si muujiza. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma kwa kadiri ya mapato, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 kampuni hutakiwa kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa kuhudumia jamii. Madarasa na zahanati sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni kwamba ngoma hukumbukwa mgeni mkubwa anapokuja: wazee huchezeshwa juani tangu asubuhi, hupewa soda na nauli, kisha taarifa huandikwa kwamba utamaduni umeendelezwa. Afisa utamaduni aliyeajiriwa kwa kodi yetu ageuzwe mpanga mapokezi! Apewe fungu, apewe gari la matangazo, naye apimwe kwa hesabu ya watu waliotazama na kwa malipo waliyopata wachezaji.

Nasi vyuoni tubadili mtihani. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apewe kikundi kimoja, uwanja mmoja wa Rwamgasa na wiki nne. Akijaza uwanja, na wachezaji wakalipwa, amefaulu. Asipojaza, arudi mwakani msimu wa pamba.