Akiba ya Tarakilishi Huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Nimeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi, wala sikuitilia shaka hadi siku aliponijia ofisini mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Isiolo, amekikumbatia kipakatalishi chake kifuani huku machozi yakimlengalenga.

Mwanafunzi huyo alikuwa ametumia miezi minne kukusanya data ya tasnifu yake: masimulizi na nyimbo za wazee wa Kiborana na wa Kisakuye kuhusu ngamia. Betri ya kipakatalishi ikaanza kumtaabisha. Hapo awali ilidumu saa nne. Sasa ikawa haimalizi hata saa moja. Akampelekea fundi. Fundi, pasipo kuichunguza betri, akadhani kwamba ugonjwa umo katika programu, akafuta kila kitu na kuweka mfumo mpya. Betri ikaendelea kuisha upesi vilevile. Sauti za wazee zikatoweka, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuaga dunia.

Kisa hiki kina makosa mawili, na yote mawili hutendeka kila siku katika nyumba za walimu na mabweni ya wanafunzi.

Kosa la kwanza ni kutibu maradhi yasiyochunguzwa. Betri za ioni za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka wa 1991, zina umri wake kama kiumbe chochote. Kila zinapochajiwa na kutumiwa, uwezo wake hupungua kidogo, na joto huharakisha kuzeeka huko. Katika mji wenye jua kali kama Isiolo, kipakatalishi kilichoachwa ndani ya gari lililofungwa vioo, au rununu inayochajiwa juani kando ya paneli ya sola, huzeesha betri yake kabla ya wakati.

Hata hivyo, si kila betri inayoisha upesi imezeeka. Aghalabu mipangilio ya chombo huwa na sehemu ya betri inayoonyesha ni programu gani inayokula umeme, hata ile inayofanya kazi kichinichini bila mwenyewe kujua. Mwangaza mkali wa skrini nao hula sana. Mwalimu aliye Merti au Garba Tulla, akiwa mahali penye mawimbi hafifu, atakuta rununu yake inaishiwa na chaji ijapokuwa hakupiga simu hata moja, kwa sababu inahangaika mchana kutwa kuutafuta mtandao. Akiuzima mtandao kwa muda, ataona tofauti. Iwapo yote haya yamefanywa na hali ikabaki ile ile, basi betri yenyewe imechoka na dawa yake ni kuibadilisha. Na ikiwa imevimba, isichajiwe tena wala isitobolewe, kwani yaweza kushika moto.

Jambo ambalo kila mwenye tarakilishi hana budi kulifahamu ni hili: katika betri hamna data hata neno moja. Kuibadilisha hakuhitaji kufuta chochote. Fundi akikwambia kwamba ni lazima "asafishe" mashine ili betri ipone, mwombe kwanza akueleze sababu, kisha utoe nakala ya kazi zako kabla hajaigusa.

Wala betri mbovu si udhia mdogo wa kuvumiliwa tu. Kipakatalishi ambacho betri yake imekufa hutegemea waya wa ukutani, na umeme ukikatika huzimika papo hapo, pengine faili ikiwa wazi. Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani kwa mpigo mmoja. Bila shaka wapo walioipoteza kazi yao usiku ule.

Kosa la pili ndilo kubwa zaidi. Mwanafunzi wangu alikuwa na nakala moja tu. Jambo hili lilinishangaza kwa kuwa ametoka katika jamii ambayo imelijua somo hili tangu zama za kale. Mfugaji wa Kiborana hafugi mifugo yake yote mahali pamoja. Wale wa maziwa hubaki karibu na makazi, nao huitwa warra. Wengine hupelekwa malisho ya mbali, nao huitwa fora. Ukame au maradhi yakivamia upande mmoja, huenda upande wa pili ukasalimika.

Wataalamu wa tarakilishi wana kanuni inayofanana na hiyo: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Flashi iliyomo katika mkoba ule ule wa kipakatalishi haikidhi kanuni hiyo, kwani mwizi wa mkoba huchukua vyote viwili. Aidha, si kila kilichoko mtandaoni ni nakala: ikiwa hifadhi hiyo inaifuatisha mashine yako hatua kwa hatua, ukifuta faili huku, hufutika na kule.

Hata taasisi kubwa zimelipia somo hili. Septemba 2, 2018, Jumba la Makumbusho la Taifa la Brazil mjini Rio de Janeiro liliteketea, na pamoja nalo rekodi za lugha za wenyeji, zikiwemo lugha zisizokuwa na mzungumzaji hata mmoja aliye hai. Aprili 18, 2021, moto uliotoka mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Yaliyokuwa yamenakiliwa na kuwekwa kwingine yalinusurika.

Yamkini wapo watakaouliza: mwanafunzi maskini atapata wapi fedha za diski na za kununulia data? Swali hilo ni la haki. Lakini tasnifu nzima ya maandishi matupu ni faili ndogo, na kuituma kwa baruapepe yako mwenyewe kila Ijumaa hakumfilisi mtu. Rekodi za sauti ndizo nzito, na hapo mzigo usiachiwe mwanafunzi peke yake. Idara za vyuo vikuu zisiidhinishe utafiti wa nyanjani kabla ya mwanafunzi kueleza nakala zake zitakaa wapi, na idara zenyewe zimpe mahali pa kuziweka. Shule nazo ziwe na diski ya pamoja ya alama na maazimio ya kazi, ikiwa chini ya mwalimu anayejulikana, ikilindwa kwa nywila na kukaguliwa kila muhula.

Nasema ikaguliwe, kwa sababu diski huharibika, flashi hufa, na nywila husahauliwa. Nakala isiyofunguliwa kwa miaka mitatu ni tumaini tu. Wahenga waliosema kwamba akiba haiozi walizungumza na watu waliozoea kuzigeuza nafaka zao juani na kuwafukuza wadudu ghalani. Mfugaji naye huenda fora kuwahesabu wanyama wake.

Mwanafunzi wangu alirudi Isiolo kuanza upya, na wazee waliobaki walimpokea kwa moyo mkunjufu. Wimbo wa yule aliyefariki hakuna aliyeweza kumwimbia. Msomaji mpendwa, kabla hujalikunja gazeti hili, jiulize kazi yako ya mwaka huu iko mahali pangapi.